Linavuta Tani Tano, Linabeba Nini?

Mwanamume akinunua pikapu Marekani, wenzake hawamuulizi bei. Wanamuuliza inavuta nini. Swali hilo nimelisikia kazini, nimelisikia kanisani baada ya ibada, na jirani yangu aliniuliza hata kabla hajajua jina langu. Namba ya kuvuta ndiyo inayoandikwa kubwa kwenye matangazo, na ndiyo muuzaji anayoitaja kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Tunaishi pembeni mwa Denver, jimbo la Colorado, na tuna trela la kusafiria: chumba chenye vitanda, jiko na choo, kinachokokotwa nyuma ya gari. Msomaji wa Morogoro ataona ni anasa, na hatakuwa amekosea. Lakini kwa familia ya watu watano hoteli za milimani ni ghali, na likizo tunazopewa na waajiri ni fupi. Ndani ya trela tunasonga ugali wetu wenyewe, watoto wanalala hatua mbili kutoka kwetu, na wageni waliotoka nyumbani tumewafikisha nalo hadi hifadhi ya Yellowstone. Kwa hiyo giaboksi ya pikapu yetu ya zamani ilipokufa, na fundi akasema kuitengeneza kutazidi thamani ya gari lenyewe, hatukubishana kama tununue nyingine. Tulibishana tununue ipi.

Yadi ya kwanza tuliyoingia ilikuwa na pikapu inayong'aa, ya lile daraja ambalo Wamarekani wengi huendea kazini na sokoni. Viti vya ngozi, paa la kioo, magurudumu makubwa ya kupendeza. Uwezo wa kuvuta: tani tano. Trela letu likishapakiwa vitu vyote lina tani tatu na kilo mia tatu. Kwa hesabu hiyo tulibakiwa na chenji ya kutosha, na muuzaji alikwishaanza kutafuta kalamu.

Tulikuwa tumekwenda na kaka yake mke wangu, dereva wa malori ya masafa marefu, kazi inayowalisha Waafrika Mashariki wengi katika nchi hii. Alikuwa amesimama pembeni muda wote, mikono mfukoni.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo tani tano waachie wenye matangazo. Fungua mlango wa dereva, uchungulie kwenye nguzo."

Pale kwenye nguzo, karibu na mahali mlango unapojifungia, kulikuwa na kibandiko cheupe chenye ukanda wa njano. Maandishi yake ni madogo, ya kusomwa na mtu aliyeinama. Kinasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kamwe kilo 620. Namba hiyo ni ya gari lile lile lililosimama mbele yako, pamoja na ngozi yake na paa lake la kioo, maana kila urembo uliofungwa kiwandani umekwishakula sehemu ya uzito unaoruhusiwa. Ndugu yake wa bei nafuu, mwenye viti vya kitambaa, mara nyingi hubeba zaidi.

Mke wangu akatoa simu, akaanza kujumlisha. Trela haliburutwi tu kama gogo. Pua yake hukaa juu ya gari, na ili litulie barabarani pua hiyo inatakiwa kubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela zima. Kwa letu, mizani ya kituo cha malori ilikwishatuambia ni kilo 430. Sisi watano ni kilo 270. Vyuma vya kufungia trela na kusawazisha uzito wake, kilo 40. Baiskeli, jenereta, sanduku la barafu na kuni nyuma ya pikapu, kilo 110. Jumla ni kilo 850. Gari lile lile lililokuwa na chenji ya zaidi ya tani moja na nusu upande wa kuvuta lilikuwa limezidiwa kwa kilo 230 upande wa kubeba. Kamba hukatikia pabovu.

Si kwamba namba ya tani tano ni ya uongo. Ina mahali ilipotoka. Arizona kuna mpando wa mlima uitwao Davis Dam Grade, ambako barabara namba 68 hupanda kwa kilomita 18 hivi katika jangwa. Chama cha wahandisi wa magari, SAE, kiliweka kanuni kwamba gari linalotaka kutangaza namba ya kuvuta lipande mlima huo na mzigo wake, joto likiwa si chini ya nyuzi 38, kiyoyozi kikiwaka, na kasi isishuke chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni mtihani mgumu kwelikweli. Ila katika mtihani huo gari huhesabiwa kuwa na dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68. Gari la tangazo halina watoto, halina baiskeli, halina kuni.

Kabla ya kanuni hiyo kila kiwanda kilijipimia chenyewe na kujipa maksi. Toyota ndio waliotangulia kuikubali, kwa magari ya mwaka 2011, na namba za pikapu yao kubwa zikashuka mara moja. Wapinzani wao waliendelea kwa miaka kadhaa kutangaza namba walizojipimia, ndipo nao wakafuata. Nimeifikiria sana miaka hiyo ya katikati. Mnunuzi aliyelinganisha vipeperushi viwili mezani aliona kimoja kina namba ndogo, akadhani gari lake ni dhaifu. Kumbe udogo ule ulitokana na kukubali kupimwa.

Nilimuuliza shemeji kama hatuwezi kuokoa ile pikapu ya ngozi kwa kuhamishia vitu nyuma ya trela, pua ipungue uzito. Akatikisa kichwa. Pua ikiwa nyepesi mno, trela huanza kuchezesha mkia kwa kasi ya barabara kuu, na likishashika mwendo huo linaweza kulipindua gari linalolivuta. Kinachosaidia kweli ni kuacha vitu nyumbani, na kusafiri na tangi la maji tupu ikiwa mwendako kuna bomba, maana kila lita ya maji ni kilo moja. Mzigo haupungui kwa kuhamishwa, hupungua kwa kushushwa.

Halafu kuna kushuka. Baba yangu mdogo aliendesha malori ya Tunduma, na kila alipozungumzia mteremko wa Kitonga hakuwahi kutaja nguvu ya injini. Alitaja breki, na kuwasisitizia utingo wake kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Huku kwetu Kitonga ni barabara kuu ya I-70. Hupanda hadi handaki la Eisenhower, mita zipatazo 3,400 juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na turbo huhema kwa sababu hewa ni nyepesi, kisha humwagika kuelekea Silverthorne kwa mteremko wenye njia za pembeni zilizojazwa kokoto, za kuyaokoa malori yaliyoishiwa breki. Njiani kurudi Denver kuna vibao vinavyowaonya madereva wa malori wasidanganyike kwamba mteremko umekwisha. Nikipita pale namkumbuka baba mdogo. Hakuna tangazo la gari nililowahi kuona likijisifia kusimama.

Tukahamia daraja la juu, yale magari mazito yanayotumiwa na mafundi ujenzi na wafugaji. Hapo ukazuka ubishi wa dizeli. Dizeli ina mvuto mkubwa, haibabaishwi na milima, na ina namna ya kujizuia yenyewe kwenye mteremko. Lakini injini yake ni nzito, na magari mengi ya daraja hilo huwekewa kikomo cha uzito wa jumla cha pauni 10,000, yaani kilo 4,536 hivi. Kila kilo ya injini inatoka kwenye fungu la abiria na mizigo. Ndiyo maana utakuta pikapu mbili za jina moja zimeegeshwa bega kwa bega, ya dizeli inavuta zaidi na inabeba kidogo kuliko ya petroli.

Tulichukua ya petroli, iliyotumika, viti vya kitambaa, kibandiko cha mlangoni kikisoma kilo 1,340. Ina kasoro zake. Ikiwa tupu inarusharusha abiria kwa ugumu wa springi, inakunywa mafuta kama haina mwenyewe, na haiingii kwenye gereji yetu. Jirani alipokuja kuitazama aliuliza lile swali lake, na jibu halikumfurahisha, kwa kuwa tulikuwa na trela lile lile na gari lisilong'aa.

Tangu wakati huo naona namba mbili kwa kila mtu. Sisi tulio ughaibuni tuna namba yetu ya kuvuta, na kila ndugu anaijua: mshahara wa dola uliozidishwa kwa shilingi. Mtumishi wa Dodoma anayo yake, na mzaliwa wa kwanza mwenye wadogo sita anayo yake. Huonekana kwa wanachokikokota: nyumba inayopanda kijijini, ada za wapwa, michango ya misiba. Wanachokibeba kimekaa ndani ya gari, na vioo ni vya giza. Kodi ya nyumba, bima, mtoto anayehitaji daktari, ndoa inayohitaji jioni moja isiyo na kazi ya ziada. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mara nyingi mwenye kuubeba naye huutaja hivyo hivyo, kwa sababu anaona haya kukiri kwamba una uzito.

Najua jambo hili linaweza kuwa kichaka cha wachoyo. Wapo wenye uwezo wa kubeba tani nzima ambao kila wakiombwa msaada hukimbilia kuonyesha kibandiko. Dawa yao ni ile ile iliyotufaa sisi: mizani. Mizani haipokei hisia. Inamwonyesha anayejionea huruma kwamba bado ana nafasi ya kilo mia tano, na inamwonyesha anayejisifu kwamba amekwishazidisha. Asiyepanda juu yake, awe mkarimu au bahili, anakisia tu, na makisio yake yatalipiwa na waliomo ndani ya gari.

Waliowahi kukaa kwenye kamati ya harusi wanalifahamu daftari la michango. Lina safu mbili, ahadi na taslimu. Ahadi husomwa kwa sauti na kupigiwa makofi, na mwenye ahadi kubwa hutengewa kiti cha mbele kikaoni. Mweka hazina mwenye akili humpigia makofi kama wengine. Akirudi mezani kwake, idadi ya sahani za wageni anaipanga kwa safu ya taslimu.