Damu Haijui Mpaka wa Shamba

Mwaka jana tulimzika babu Lambwe. Siku ya tatu, viti vya kukodi vikiwa bado havijarudishwa, ugomvi wa mpaka ukazuka, na jirani akatamka neno ambalo huku halitamkwi kwa mzaha: jadak. Yaani mgeni aliyekaribishwa kwenye ardhi ya wengine. Ati sisi ni Wasuba, wazee wetu walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, kwa hivyo tusijifanye wenyeji.

Binamu yangu akanivuta kando. "Si wewe ulisoma mambo ya jeni chuo? Tupimwe DNA tumalize hii maneno."

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda. Lakini swali lake limenikaa: damu inaweza kuamua nani ni mwenyeji?

Kuna mwanasayansi Mmarekani, Sarah Tishkoff, ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuchunguza jeni za Waafrika. Alizunguka vijiji vya Tanzania kwa gari, akiomba watu damu, mashine ya kuichuja ikitumia betri ya gari hilohilo. Mwaka 2009 yeye na wenzake, Waafrika wakiwemo, walichapisha utafiti kuhusu jamii 121 za bara hili. Wajaluo walikuwemo. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiacholi na Kidinka, lakini sehemu kubwa ya jeni zao ilifanana na ya majirani zao wanaosema lugha za Kibantu.

Maana yake ni kwamba watu wameoana kwa karne nyingi, na wengine wakabadili lugha, jinsi Wasuba wengi walivyohamia Kijaluo. Tom Mboya, ambaye Kenya nzima inamkumbuka kama kiongozi wa Wajaluo, alitoka familia ya Kisuba ya Rusinga. Alipozikwa huko mwaka 1969, sidhani kuna mwombolezaji aliyeuliza damu yake.

Ukirudi nyuma zaidi ni hivyohivyo. Mwaka 2019 watafiti walisoma DNA ya mifupa ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Hata wafugaji wa kwanza wa eneo hili walikuwa mchanganyiko: asili ya kaskazini-mashariki mwa Afrika, asili ya upande wa Sudan, na wawindaji waliowakuta hapa.

Nilitamani sana kuchapisha haya yote nimpelekee yule jirani. Soma, bana, pengine damu yetu ni moja! Kisha nikasita. Tuseme utafiti ungesema kinyume, kwamba sisi ni tofauti kabisa. Je, shamba lingekuwa lake? Kama jibu ni hapana, basi hata sasa siwezi kuitumia damu kama hatimiliki. Nikiikubali leo kwa kuwa inanifaa, kesho itamfukuza mtu mwingine kwake, na sitakuwa na la kumtetea. Na wale waliokunja mkono wa shati wakatoa damu yao, sidhani walitaka iwe silaha ya kesi za mashamba.

Jeni hueleza njia tuliyopita. Haki ya kukaa ni jambo lingine: ni makubaliano, ni jasho, ni ahadi waliyopeana wazee na ambayo wajukuu wanapaswa kuiheshimu. Bonde lenyewe linajua. Mbung'o na malale viliwahi kuwahamisha watu Lambwe, wengine wakarudi, wengine wakaja upya. Leo sehemu yake ni Hifadhi ya Ruma. Ukisema aondoke kila aliyekuja, watabaki swara.

Nilimweleza dani haya yote. Akasikiliza, akasema, "Lakini ni kweli tulikuja." Hakuwa na aibu. Nadhani hapo ndipo mimi na binamu tulikosea: tulikuwa tunatafuta ushahidi wa kukanusha kitu ambacho si kosa.

Babu alikuwa akihesabu mbuzi kwa Olusuba. Mimi sifiki kumi. Kwa hivyo nikipata hela, nitapima, maana nataka kujua alikotoka. Majibu nitamsomea dani. Kwa chifu hayafiki.