Hanang ya Chuma

Ndugu msomaji, hivi mtu anaweza kuipenda mashine kwa moyo wote na dhamiri yake ibaki safi? Usicheke. Swali hili nimerudi nalo kutoka Nairobi na limeninyima usingizi.

Sisi ni watu wa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Baba alizaliwa Mbulu, akahamia huku akiwa kijana kutafuta kazi. Treni kwetu ni kitu cha kusimuliwa tu, maana reli haijawahi kufika Mbulu wala Hanang. Basi mwishoni mwa Septemba nilimchukua Mzee pamoja na binti yangu wa miaka 9, tukapanda basi hadi Arusha, tukavuka Namanga, kwenda kuona treni za mvuke na magari ya kale. Mimi, bwana, ni mgonjwa wa vyuma.

Jumamosi tuliingia Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni ya Nairobi. Pale kimesimama kichwa cha treni namba 5918, Mount Gelai. Vichwa vya aina hiyo vilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, miaka ya 1955 na 1956. Kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, na kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Na kimoja, ndugu yangu, kiliitwa Mount Hanang!

Nilipomwambia Mzee, akageuka haraka. "Kiko wapi?"

"Kilikatwakatwa, Baba. Skrepa. Kati ya vyote 34 vimebaki viwili tu."

"Kumbe! Walichukua jina la mlima wetu wakalipeleka Mombasa, na sisi hata hatukuambiwa."

Tukacheka. Binti yangu alikuwa keshapanda kwenye chumba cha dereva, anavuta vyuma visivyovutika. "Babu, na wewe uliendesha hii?"

"Mimi niliendesha trekta, mjukuu wangu." Akanyamaza.

Jumapili tukaenda kwenye maonyesho ya magari ya kale, uwanja wa mbio za farasi barabara ya Ngong. Magari yanang'aa mpaka unajiona sura. Majaji wanainama, wanachungulia hadi uvunguni kutafuta tope au tone la oili. Mzee akawatazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Hawa wanaangalia chini ya gari. Sisi hakuna aliyeangalia chini ya trekta."

Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani.

Wasiojua niwaeleze. Kuanzia karibu mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, hatimaye yakafika ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Walihamishwa, na miaka ya 1980 wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kuidai. Lakini chini ya malisho yale kulikuwa na kitu kingine: makaburi ya wazee wao wa heshima, ambayo huinuliwa kama kichuguu cha udongo na huitwa bung'ed.

Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja huko. Siku moja alifika mbele ya kichuguu. Msimamizi akapunga mkono: lima. Akateremsha plau, akalima. "Nilijua ni nini," akaniambia. "Nilikuwa na watoto wawili na mshahara mmoja."

Tangu utoto wangu nilijivunia kwamba Baba aliendesha mashine kubwa kuliko nyumba yetu. Sasa nifanye nini na fahari hiyo?

Wako watakaosema: mashine haina dhambi, dhambi ni ya mtu. Sawa. Lakini mbona sifa tunaipa mashine? Tunasema treni ilijenga Nairobi, trekta ililisha miji. Kama chuma kinaweza kupokea sifa, basi na kisikilize mashtaka. Reli ile ya kwanza kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, iliondoka na roho za vibarua wa Kihindi wapatao 2,500. Huwezi kushangilia filimbi ya treni halafu ukaziba masikio kwa hao.

Wengine watasema: basi, vunjeni vyote, kauzeni skrepa. Hapo napinga. Mount Hanang kilikatwakatwa, na je, kuna aliyepata haki? Kilichopotea ni kitu ambacho mtoto angeweza kukigusa akauliza, "Babu, na wewe je?" Bila Mount Gelai na yale magari yanayong'aa, Mzee angekufa na siri yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, nanyi mnipinge. Kupenda mashine si kosa. Kosa ni kuipiga rangi mpya ili tusione ilipita juu ya nini. Mwenye kuihifadhi aihifadhi pamoja na hesabu yake yote: nguvu zake, waliofaidi, na waliolipa.

Juzi Baba aliniomba nimsindikize kwenye boma moja upande wa Basotu, kwa watoto wa yule mzee wa kaburini. Hajui atasema nini. Anaogopa, na mimi naogopa. Jumamosi ijayo tunakwenda, na binti yangu ameng'ang'ania tusimwache.

Na wewe unayetaka kuandika, kabla hujatafuta hadithi za mbali, hebu muulize mzee wako aliendesha nini, na chini yake kulikuwa na nini.