Wimbo Uliomshinda Sauli: Muuzaji Hodari Anapofanywa Kiongozi

Masomo: 1 Samweli 18:5–9, Matendo 11:22–26



Juma hili nataka tuongee jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la kiroho. Hapa Isiolo wengi wetu tunakula kwa kuuza. Kuna anayeuza mitumba, anayeuza simu na laini, anayeuza mbuzi siku ya soko, anayeuza bima, taa za sola au mikopo ya benki. Na kati ya vijana wetu wapo waliouza vizuri hadi mwajiri akawaita akasema, kuanzia mwezi ujao wewe si muuzaji tena, wewe ni kiongozi wa timu. Tunawaita mbele, tunapiga makofi, tunamshukuru Mungu. Halafu miezi inapita, na mmoja wao ananitafuta baada ya ibada, anauliza kwa sauti ya chini: "Pasta, nilipokuwa chini nilikuwa na amani. Sasa nimepanda, mbona naumia kila mmoja wa timu yangu akifanya vizuri?"

Swali hilo si la ofisi tu. Ni la moyo. Mimi nilisomea biashara chuoni, na nitatumia kidogo nilichopata huko, lakini mahali nilipoona ugonjwa huu umeelezwa waziwazi kuliko kwingine kote ni katika Biblia, kwenye habari za mfalme Sauli.

Hesabu zilizomnyima usingizi

Mnaijua hadithi. Goliathi ameanguka, jeshi linarudi nyumbani, wanawake wanatoka mijini na matari yao wakiimba. Na wimbo wenyewe ulikuwa wa namba. Mfalme walimhesabia maelfu, kijana Daudi wakamhesabia makumi ya maelfu. Wale waliofanya kazi ya mauzo wanajua huo ni ule ubao wa ofisini: majina upande mmoja, hesabu ya mwezi upande wa pili. Biblia inasema Sauli alikasirika sana, na tangu siku hiyo akawa anamwangalia Daudi kwa jicho baya. Kesho yake tu, mkuki ukarushwa.

Hebu tulia hapo kidogo. Daudi alikuwa anampigania nani? Alikuwa mtu wa Sauli. Sauli mwenyewe ndiye aliyemweka juu ya watu wa vita. Kwa hiyo yale makumi ya maelfu ya Daudi yalikuwa ushindi wa ufalme wa Sauli! Mfalme mwenye hekima angewapigia makofi wale akina mama, kwa sababu maelfu yake na makumi ya maelfu ya kijana wake yanaingia kwenye ghala moja. Lakini Sauli alijumlisha kama askari, hakujumlisha kama mfalme. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kiongozi na moyo wa mshindani.

Hapo ndipo penye shida ya ndugu yetu aliyepandishwa cheo. Amebadilishiwa kazi, hakubadilisha namna ya kuhesabu.

Dumu langu na dumu la mwenzangu

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Mnawajua akina mama wa maziwa ya ngamia, wakiwemo wale wa ushirika wa Anolei, wengi wao majirani zetu Waislamu. Maziwa yanakamuliwa mbali huko malishoni, yanaletwa mjini, kisha yanapandishwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, safari ya karibu kilomita 280. Yamelisha na kusomesha watoto wengi wa mji huu.

Sasa fikiria mama anayeuza dumu lake mwenyewe. Anahitaji ulimi mzuri, mteja mwaminifu na kuamka mapema. Akijaliwa hayo, anauza. Lakini siku akiwekwa kusimamia maziwa ya wenzake, ulimi mzuri hautoshi. Sasa ni lazima ajue dumu la nani halikuoshwa vizuri, nani amechelewa na jua limeshapanda, na ni nani wa kuonywa bila kuaibishwa. Kwa sababu dumu moja lililochacha likimiminwa pamoja na mengine, hasara ni ya wote. Na jambo gumu zaidi: jioni akiulizwa, "Leo umeuza ngapi?" jibu la kweli ni kwamba yeye mwenyewe hakuuza hata kikombe. Maziwa ya wengine yamefika salama, basi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kama roho yako haiwezi kulala na jibu hilo, cheo kitakutesa.

Wasimamizi wawili

Kabla ya kuitwa katika huduma niliuza taa za sola kwa miaka michache, tukizunguka Kinna, Garbatulla hadi Merti. Nilifanya kazi chini ya wasimamizi wawili. Wa kwanza alikuwa amevunja kila rekodi ya mauzo. Mkienda naye kwa mteja, mteja akianza tu kusitasita, yeye anaingia, anachukua maneno kinywani mwako, na dakika kumi baadaye pesa iko mezani. Tulimstaajabia. Tageti ilifikiwa. Lakini wiki ambayo hakuja, sisi wote tulirudi mikono mitupu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejifunza kumaliza mazungumzo na mteja. Alikuwa na watu sita, lakini kwa kweli alikuwa muuzaji mmoja mwenye wabeba mizigo sita. Na alichoka, wapendwa. Alichoka hadi ukimtazama unamhurumia.

Aliyemfuata alikuwa mama mmoja ambaye mauzo yake yalikuwa ya kawaida tu. Yeye mkienda kwa mteja alikaa nyuma, kimya. Ukikosea, ananyamaza. Unaona kabisa angeweza kuokoa ile biashara, lakini hasemi kitu. Mkishaingia kwenye matatu kurudi, anakuuliza maswali matatu: "Yule mzee alikuwa anaogopa nini? Wewe ulimjibu kitu gani? Kesho utaanzia wapi?" Mwezi wa kwanza hesabu zetu zilishuka, na wakubwa walimpigia simu kwa ukali. Alibeba lawama hiyo bila kutumwagia. Baada ya miezi michache kila mmoja wetu alikuwa anauza peke yake, na alipochukua likizo ya uzazi, ofisi haikutikisika.

Nawauliza, yupi kati ya hao wawili aliwapenda watu wake? Wa kwanza alitusaidia kila siku. Wa pili mara nyingine alitunyima msaada. Lakini upendo wa kiongozi hupimwa kwa kile ambacho mtu anaweza kufanya wewe usipokuwepo.

Wasomi nao wameliona

Mwaka 1969 Laurence Peter na Raymond Hull waliandika kitabu wakisema kwamba mtu hupandishwa cheo kwa kuifanya vizuri kazi aliyo nayo, anaendelea kupandishwa, mpaka anafika kwenye kazi asiyoiweza, na hapo anakaa. Watu wanaiita kanuni ya Peter. Si Petro wetu wa Biblia, msichanganye!

Kwa miaka mingi ilionekana kama mzaha. Lakini mwaka 2019 wanauchumi watatu, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, walichapisha utafiti juu ya wauzaji katika kampuni 131 za Marekani. Waliona kwamba kampuni huwapandisha wale wanaouza zaidi. Waliona pia kwamba miongoni mwa waliopandishwa, wale waliokuwa wameuza sana zaidi, timu zao hazikufanya vizuri kama za wengine. Na kitu kimoja kikanigusa: waliokuwa na mazoea ya kuuza kwa kushirikiana, wakagawana sifa za mauzo na wenzao, ndio walioelekea kuwa viongozi wazuri.

Hayo ni mambo ya takwimu, lakini ukiyaleta kanisani unaona yanamhusu mtu mmoja tunayemjua.

Barnaba aliyeenda kutafuta mtu wa kumzidi

Barnaba alikuwa mtu wa nguvu katika kanisa la kwanza. Alipotumwa Antiokia, kazi ikafanikiwa, watu wengi wakamwamini Bwana. Hapo angesema, "Sasa mkoa huu ni wangu." Badala yake alifunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli mwingine, huyu tunayemwita Paulo, mtu ambaye wengi walikuwa wamemwogopa. Akamleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima.

Angalia jinsi Luka anavyoandika. Katika sura ya 13 mwanzoni ni Barnaba na Sauli. Kabla sura haijaisha, imekuwa Paulo na Barnaba, na kuanzia hapo mara nyingi ndivyo inavyobaki. Jina limeshuka. Aliyemleta amekuwa wa pili. Lakini hatusomi mahali popote kwamba Barnaba aliokota mkuki.

Mfalme Sauli alisikia namba za kijana wake akaona amepungukiwa. Barnaba aliona kipawa cha mwenzake kikikua akaona kanisa limeongezeka. Tofauti yao haikuwa akili wala uzoefu. Ilikuwa ni swali moja la ndani: matunda haya ni ya nani?

Na mtu asidhani uongozi huu ni ulegevu. Mtaniuliza, "Pasta, na yule asiyefikisha tageti kila mwezi, nimbembeleze tu?" Kumbuka Yohana Marko, aliyewaacha njiani. Paulo alikataa kumchukua tena, Barnaba akataka apewe nafasi nyingine, wakagombana hadi wakaachana. Biblia haituambii nani alikuwa sawa. Safari ilikuwa na hatari zake, na Paulo alikuwa na sababu. Lakini miaka baadaye, katika barua ya pili kwa Timotheo, Paulo huyo huyo anaagiza Marko aletwe kwa sababu anamfaa. Kuna mtu alikuwa amekaa naye. Kwa hiyo mwambie mtu ukweli juu ya kazi yake, mapema na faraghani, maana mshahara wake unalisha nyumba. Kumficha ukweli kisha kumfukuza mwisho wa mwaka si upendo. Ila usimfungie hesabu kabla hujajua kama kuna mtu aliyewahi kumfundisha.

Kwa wenye biashara, na kwa kanisa

Wale mnaoajiri, nina neno kwenu pia. Mkimpandisha muuzaji wenu hodari, mara nyingi mnamwondolea kamisheni, halafu mnashangaa akiwanyang'anya vijana wateja. Hiyo si haki. Mlipeni kwa jinsi timu inavyokua. Na kama mtu kipawa chake ni kuuza, mwacheni auze, mpeni heshima na malipo yake, asione kwamba njia ya pekee ya kuheshimiwa ni kuwa bosi. Bezaleli, fundi wa hema la kukutania, alibaki fundi, na Kutoka 35 inasema Mungu alimpa pia moyo wa kufundisha wengine. Mkitafuta kiongozi, msiangalie ubao peke yake. Muulize: nani huwa anawafundisha wageni bila kuombwa?

Na sisi kanisani tusijifanye wasafi. Mwimbaji mzuri tunamfanya kiongozi wa kwaya, kisha anaimba peke yake kila Jumapili. Mhubiri mzuri tunampa idara ya uinjilisti, na mwaka unaisha hakuna kijana hata mmoja aliyeshika kipaza sauti. Ukiwa kiongozi wa idara hapa, jiulize ni nani angesimama Jumapili hii kama wewe ungekuwa hospitalini.

Kwa ndugu yangu aliyepanda cheo na hana amani, nakuambia hivi: maumivu unayoyasikia kijana wako akisifiwa si ishara kwamba cheo hakikufai. Ni ule moyo wa mshindani, uliokusaidia kufika hapo, unaotakiwa sasa kuwekwa chini. Hauwekwi chini mara moja. Unawekwa kila mwisho wa mwezi, ubao unaposomwa. Anza na kitu kidogo. Juma hili chukua mteja mmoja mzuri, mkabidhi mtu wako, keti nyuma, nyamaza. Na akifaulu, uwe wa kwanza kutaja jina lake mbele ya wakubwa. Hata kama moyo unauma, taja. Moyo utafuata mdomo.

Ya kujadiliana katika vikundi vya nyumbani

1. Kazini, nyumbani au kanisani, ni nani ambaye mafanikio yake yanakuuma? Kwa nini huyo?
2. Ni kazi gani unaifanya mwenyewe leo ambayo mtu mwingine angeweza kujifunza?
3. Ni nani aliyekuwa Barnaba wako? Umewahi kumshukuru?

Tuombe

Bwana, wewe unayegawa vipawa kama upendavyo, tuokoe na jicho la Sauli. Wape amani watumishi wako waliopewa watu wa kuongoza, madukani, maofisini na katika idara za kanisa. Tufundishe kufurahia matunda ambayo hayakuandikwa kwa majina yetu. Katika jina la Yesu, Amina.