NG'OMBE HANA DHAMBI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kiumbe. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Limeulizwa katika darsa yetu suala hili: vipi mnyama mpole kama ng'ombe amekuwa sababu ya kumwagwa damu za watu huko India? Jawabu ni kuwa ng'ombe si sababu. Sababu ni wanadamu waliomfanya bendera.

Kumheshimu ng'ombe ni jambo la kale kwa Wahindu, wala haitujuzii kuwakejeli kwalo, kwani Qur'ani imetukataza kuvitukana waviabuduvyo wengine. Lililo jipya ni kumfanya ng'ombe alama ya kupambanua nani mwananchi na nani adui. Mwaka 1881 Dayananda Saraswati, mwanzilishi wa Arya Samaj, alitunga kitabu cha kumtetea ng'ombe. Vyama vya kumlinda vikaenea, na mwaka 1893 zikazuka ghasia kubwa baina ya Wahindu na Waislamu. Mwaka 1966 umati ulilikabili Bunge mjini Delhi ukidai uchinjaji upigwe marufuku, na watu wakafa. Hata mto haukusalimika: mwaka 1983 Vishva Hindu Parishad walitembeza maji ya Ganga nchi nzima ili kuwakusanya watu chini ya siasa yao.

Mwaka 2015, karibu na Dadri, Mwislamu mmoja aliuawa na kundi la watu kwa uvumi tu kuwa nyumbani kwake mna nyama ya ng'ombe. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 44 waliouawa kwa mambo haya baina ya Mei 2015 na Desemba 2018. 36 kati yao ni Waislamu. Na huko Una, mwaka 2016, vijana wa Kidalit walipigwa hadharani kwa kumchuna ng'ombe aliyekwisha kufa.

Je, ng'ombe mwenyewe amepata faida gani? Katika jimbo la Uttar Pradesh mkulima asiyeweza kumuuza ng'ombe mkongwe humwacha azurure, akala mazao ya watu mashambani na takataka mijini. Basi mapenzi gani haya, yamwuayo mtu wala yasimlishe mnyama?

Walakini, ndugu zangu, tuseme haki. Gandhi, naye ni Mhindu, aliandika mwaka 1909 kuwa hatamwua mtu kwa ajili ya kumwokoa ng'ombe, bali atamsihi nduguye Mwislamu. Na mwaka 1919 Hakim Ajmal Khan aliwanasihi Waislamu wenziwe waache kumchinja ng'ombe katika Idi kwa kuchunga nyoyo za majirani. Maana kuchinja mbuzi au kondoo kwatosha. Huo ndio wema: hutolewa kwa hiari, hautozwi kwa fimbo.

Basi jirani yako Mhindu hapa Mombasa asibebeshwe dhambi ya watu wa Dadri. Nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Na sisi tujitazame. Mtume wetu alitufundisha kuwa mwanamke mmoja aliingia Motoni kwa paka aliyemfungia bila chakula. Ni wangapi kwetu wampigao punda chini ya mzigo usiochukulika, kisha wakenda kuswali safu ya mbele?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwarehemu viumbe wake wote, mtu na mnyama. Amin.