Mefiboshethi Alipewa Meza, Akapewa na Siba

Somo kuu: 2 Samweli 9:1–13. Soma pia 2 Samweli 4:4 na 19:24–30, Yohana 9:1–3.

 

Ujumbe wa leo unaanza kwangu mimi mwenyewe kabla haujafika kwako. Miaka michache iliyopita, nikihudumu upande wa Makueni, mama mmoja alimleta mtoto wake madhabahuni. Kijana wa miaka minane. Maneno yake hayakuwa yanatoka vizuri, na shuleni alikuwa amerudia darasa. Mwalimu alisema ni mkaidi, ukimwita haitiki. Nikamwekea mikono, nikakemea, nikapaza sauti mpaka mabati yakalia. Mtoto alinitazama tu.

Jumapili ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Ya nne nikamwambia yule mama, tena mbele ya kanisa lote, aende nyumbani achunguze ni mlango gani ameuacha wazi, kwa sababu adui haingii bila mlango. Akainamisha kichwa, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Hawakurudi.

Mwaka uliofuata nikakutana nao kwa stendi ya magari pale Wote. Mtoto alikuwa na kifaa cha kusikia nyuma ya sikio. Akanisalimia, na salamu yake niliielewa yote. Mama akaniambia, bila hasira, "Pasta, mtoto hakuwa na pepo. Alikuwa hasikii vizuri."

Kumbe shuleni alikuja mwalimu mwingine aliyesomea mahitaji maalum. Wiki ya kwanza tu akaona huyu mtoto anatazama midomo ya watu. Akamwambia mama ampeleke kwa kituo cha EARC, pale ofisi ya elimu, akapimwe. Masikio yote mawili yalikuwa yanasikia kidogo sana. Akaletwa dawati la mbele, na mwalimu akawa hasemi akiwa ameangalia ubao. Akapata kifaa. Akaanza kusoma.

Wapendwa, nilisimama pale stendi makanga wakinipigia kelele niingie gari, nikaishiwa na maneno. Zile Jumapili nne zote, mtoto alikuwa anatazama midomo yangu. Alikuwa anatafuta kusikia maombi yangu, na mimi nilikuwa namkemea.

Nilimwomba mama msamaha palepale. Akasema, "Nimekusamehe, Pasta. Lakini kanisani, bado sijui." Mpaka leo hajarudi.

Sasa, mtu asitoke hapa akisema Pasta ameacha kuamini uponyaji. Naamini! Mungu wetu anaponya, na maombi tutaomba. Lakini katika Yohana 9 wanafunzi walipoona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akasema si yeye, si wazazi. Mimi niliuliza swali ambalo Bwana alishalijibu. Na hapa kwetu Ukambani bado tunaliuliza: ni laana ya ukoo, mama alikula nini, baba alidhulumu nani. Ndiyo maana kuna watoto wanafungiwa nyumbani wageni wakija. Tuache!

Twende kwa Mefiboshethi. Alikuwa na miaka mitano wakati habari ya kifo cha Sauli na Yonathani ilipofika. Yaya wake akamchukua akakimbia naye, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akalemaa miguu. Unaona? Hapakuwa na laana. Mtu aliyempenda alikuwa anamwokoa, ajali ikatokea. Akakulia Lo-debari, nyumbani kwa watu, amesahaulika.

Halafu Daudi anauliza kama kuna mtu amebaki wa nyumba ya Sauli, amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Anaambiwa yuko mmoja, kiwete. Daudi hakusema apelekewe chakula hukohuko Lo-debari. Hakumjengea kibanda nyuma ya jumba. Alimketisha kwenye meza ya mfalme, pamoja na wana wa mfalme. Meza moja!

Hapo ndipo wahubiri wengi tunakomea, tunapiga haleluya. Lakini soma mstari wa tisa na wa kumi. Daudi alimwita Siba, akamwambia alime shamba la Mefiboshethi na kuleta mavuno, yeye na wanawe na watumishi wake. Siba alikuwa na wana 15 na watumishi 20. Ukimhesabu Siba mwenyewe, hao ni watu 36 kwa ajili ya mtu mmoja. Daudi alijua kwamba meza bila msaada ingegeuka aibu. Mambo mawili, wapendwa: nafasi, na mtu wa kukushika mkono.

Tazama nchi yetu. Meza tumetandika. Tangu 2003 shule ya msingi ya serikali ni bila karo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na kifungu cha 54 kinamtaka mtu mwenye ulemavu apate elimu katika jamii, pamoja na wengine, kadiri inavyomfaa yeye. Vituo vya EARC vya kupima watoto vilianza 1984. Chuo cha KISE kule Kasarani kimekuwepo tangu 1986, kikifundisha walimu wa elimu maalum. Mwaka wa 2018 serikali ikatoa sera ya elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu, inayosema shule ya kawaida iwapokee.

Meza ipo. Siba yuko wapi?

Ingia darasa moja huko Kyuso au Kathonzweni. Mwalimu ni mmoja na watoto wamejaa mpaka mlangoni. Kuna asiyeona ubao vizuri. Kuna mwenye kifafa, wenzake wanamkimbia akianguka. Kuna wa usonji, kengele ikilia anaziba masikio na kupiga mayowe, anaitwa mtundu. Kuna yule herufi zinamchanganya. Ana akili kama wewe, lakini anaitwa mjinga tangu nasari. Wote wameandikishwa, majina yao yako kwa rejista. Lakini kukaa darasani peke yake si kusoma. Asiyeona anahitaji nukta nundu na mtu wa kumfundisha. Kiziwi anahitaji lugha ya ishara. Wa kigari anahitaji njia ya kuingilia na choo anachoweza kutumia. Mwingine anahitaji tu kuongezewa muda, aketi mbele, aelezwe mara ya pili bila kutukanwa.

Na siwalaumu walimu wote. Wengi wanabeba mzigo ambao ni wa watu 36. Tena kuna mtoto ambaye pahali pake ni shule maalum au kitengo maalum. Hiyo si kutupwa. Uamuzi huo utoke kwa kupimwa, usitoke kwa aibu ya mzazi wala kwa uchovu wa mwalimu.

Neno lingine la onyo. Soma mbele, sura ya 19. Daudi alipokimbia Yerusalemu, Mefiboshethi alitaka kutandika punda amfuate mfalme. Yeye anasema Siba alimdanganya, akaenda kumsingizia kwa Daudi. Msaidizi anaweza kumgeuka yule aliyewekwa amsaidie. Kwa hivyo kanisa lisiombe tu Siba apatikane. Lifuatilie pia Siba anafanya nini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka bodi ya shule iwe na mtu wa kuwakilisha wenye mahitaji maalum. Uliza shuleni kwenu ni nani, na mara ya mwisho alisema nini kwa mkutano. Tena wadhamini wa shule wana viti kwa bodi, na wadhamini wengi ni makanisa. Mzee wa kanisa uliye kwa bodi, hicho kiti hukupewa cha kunywea chai.

Sisi ni watu wa mwethya. Baba zetu na mama zetu walibeba mawe wakajenga mabwawa ya mchanga kwa mito yetu, Kitui na Makueni. Mgeni akipita kiangazi anasema mto umekauka. Mama wa hapa anapiga magoti, anachimba kwa mchanga, anateka maji. Mtoto unayemwona hana kitu ni mto huo. Maji yako chini. Yanataka mtu apige magoti achimbe, na yanataka ukuta uliojengwa na watu wengi.

Basi wiki hii tufanye hivi. Mzazi, kama mtoto wako hasikii, haoni, hasemi au hashiki masomo, usingoje. Mpeleke EARC ya sub-county yako apimwe, na ukiambiwa anastahili, mwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ushirika wa nyumbani, mjue kwa jina watoto hawa walio kwenye eneo lenu, na kama shida ni nauli ya boda boda ya kufika kituoni, hiyo ni mwethya yenu. Walimu wa Sunday school, anzieni hapa: msimtoe nje mtoto anayepiga kelele. Wazee, ile ngazi ya mlango wa mbele tunaiwekea mteremko kabla ya ibada ya mwezi ujao. Mchanga upo. Tunahitaji saruji na mikono.

Na sisi wahubiri: kabla hujakemea, uliza mtoto amepimwa?

Kama wewe ni mzazi wa mtoto kama huyu, njoo mbele Jumapili pamoja naye. Hakuna atakayekuuliza mlango gani uliuacha wazi. Tutaomba, halafu tutakaa chini na wewe tupange safari ya EARC ni siku gani na nani anakusindikiza.

Kumbuka jinsi sura ya tisa inavyoisha. Mefiboshethi anakula siku zote mezani pa mfalme, na bado ni kiwete miguu yote miwili. Biblia haikungoja apone ndipo aketi.

Tuombe. Baba, utusamehe pale tulipowapigia kelele watoto wako kwa jina lako. Tupe macho ya yule mwalimu. Wafanye wanaume na wanawake wa kanisa hili kuwa msaada wa kweli, wasio na hila. Na yule mama, Bwana, umtunze popote alipo, na umbariki kijana wake kwa masomo yake. Akirudi, atukute tumebadilika. Katika jina la Yesu. Amen.