Kumkataa Mtu Bila Kumwambia

Ukipiga hodi kwenye nyumba ya watu, utaambiwa "karibu" au "mwenyewe hayupo". Usipojibiwa hata mara ya tatu, unaondoka. Hata kimya hicho ni jibu, kwa sababu aliye nje anakisikia.

Kompyuta nazo zina hodi yao. Kanuni za kusafirisha barua pepe, alizoziandika Jon Postel mwaka 1982, zinaitaka kompyuta inayoleta barua ijitambulishe, itaje anwani ya mtumaji, kisha ya mpokeaji. Barua yenyewe inakuja mwisho. Maana yake ni kwamba seva inaweza kutoa hukumu kabla ya kusoma hata neno moja. Msimamizi anaandika tu orodha ya anwani asizozitaka, na mbele ya kila anwani anaweka amri.

Tatizo ni kwamba kanuni zile hazikudai kitambulisho. Anwani ya mtumaji ni madai tu. Tapeli anaweza kuandika ya kwako, ukajikuta kwenye orodha kwa barua usiyoituma. Mbinu za kuhakiki, kama SPF na DKIM, zilikuja miaka mingi baadaye. Tena wapo wasimamizi wasiozuia anwani moja, wanazuia kila anayetumia jina lilelile baada ya alama ya @. Samaki mmoja akioza, eti wote wameoza.

Sisemi watu waache milango wazi. Nani hajachoshwa na barua taka? Mwenye nyumba ana haki ya kuchagua wageni. Swali langu ni jingine: unamkataaje mtu?

Kwenye Postfix, programu ya seva za barua inayotumika sana, kuna amri mbili. REJECT hukataa palepale mlangoni: kompyuta iliyoleta barua hupewa jibu, na kwa kawaida mtumaji wa kweli hupata taarifa kwamba barua yake haikupokelewa. DISCARD hujibu kwamba barua imepokelewa, halafu huitupa kimyakimya. Kwa mwenye sanduku matokeo ni yaleyale. Kwa mtumaji, huku ni kukataliwa na kule ni kudanganywa.

Wanaotetea amri ya pili wanasema ukimjibu tapeli unamfundisha. Atajua amezuiwa, atabadili anwani. Hoja ina uzito, sikatai. Lakini tapeli hubadili anwani hata asipojibiwa, hiyo ndiyo kazi yake. Anayeumizwa na kimya ni yule aliyeomba kazi, au anayefuatilia malipo yake, anayengoja wiki nzima akiamini amepuuzwa, kumbe hakuna aliyeiona barua. Angeambiwa, angepiga simu, angetumia anwani nyingine, au angemtuma mtu. Kwa kumwambia, unamwachia nafasi ya kurekebisha kosa lako, kama ulikosea. Kwa kutupa barua kimya, umejihesabu kuwa hukosei, wakati ushahidi ulio nao ni anwani ambayo yeyote angeweza kuiandika.

Nadhani hili halihusu seva peke yake. Tunaozuia namba za watu kwenye simu tunafanya uamuzi uleule kila siku.

Basi funga mlango, ni wako. Ila aliye nje mwambie umefunga.