Ada ya Kupanda Jukwaani

Kwaya ya shule moja ya kijamii kijijini Lindi, Kibera, imekuwa ikifanya mazoezi tangu muhula uanze. Madarasa ni ya mabati na kinachotenganisha la nne na la tano ni mbao nyembamba, kwa hiyo watoto husubiri wenzao waende nyumbani ndipo waimbe. Kinanda hakipo. Madam, mwalimu wao, hutoa sauti ya kuanzia kwa koo lake mwenyewe, wa sauti ya kwanza wanadaka, wa pili wanafuata, na mama wanaorudi na madebe ya maji husimama kidogo mlangoni kusikiliza. Wiki hii ujumbe uliingia kwenye simu ya Madam kutoka kwa walimu wanaoandaa tamasha la muziki la eneo: ada ya kushiriki ilipwe kabla ya Ijumaa, la sivyo jina la shule litatolewa kwenye ratiba. Aliomba kulipa kidogo kidogo. Akajibiwa kwamba kanuni ni moja kwa shule zote.

"Ticha, kwani hatuendi?" mtoto mmoja aliuliza. Aliwaambia warudie ubeti wa pili.

Jibu la kamati ndilo lenye kuudhi, hasa kwa sababu linasikika kama haki. Shule ya umma hupokea fedha za serikali kwa kila mwanafunzi, utaratibu uliokuja na elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003. Shule nyingi za kijamii za Kibera huendeshwa kwa karo ya wazazi wanaolipwa kwa siku, na mvua ikinyesha wiki nzima karo hiyo haiji. Zote mbili zikitozwa kiasi kilekile, moja imeombwa sehemu ya bajeti yake, nyingine imeombwa mshahara wa mwalimu.

Atatokea mtu aseme: tamasha lina gharama. Ni kweli, na wanaokaa kwenye kamati hizi hawastahili kudharauliwa. Mwenyekiti mara nyingi ni mwalimu mkuu mwenye shule ya kuendesha. Katibu hupanga ratiba usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Mweka hazina hulipia ukumbi, vipaza sauti, vyeti, chai ya waamuzi na nauli zao, na kama hesabu haikutosha huchomoa mfukoni mwake. Waamuzi nao hawakai kimya: huandika maoni kwa kila kwaya, hutoa alama, kisha husimama mbele ya watoto kueleza wapi sauti ya tatu iliteleza. Kwa mtoto ambaye shule yake haina mwalimu aliyesomea muziki, dakika hizo chache za mwamuzi huenda ndizo somo pekee la fani hiyo atakalolipata mwaka mzima. Ndiyo maana kumfungia nje kwa sababu ya ada ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana kwenye daftari la mapato.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, chini ya ukoloni, na mtoto wa Kiafrika siye aliyefikiriwa kwanza. Nyimbo za jamii zetu zilichukua miaka kupata heshima jukwaani, na zilipoipata ni kwa sababu kuna waliokaa mezani wakabadilisha kanuni. Mwaka 1963 Kenya ilipohitaji wimbo wa taifa, kazi ilikabidhiwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wangeweza kuagiza muziki kutoka ng'ambo. Wakachukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, kutoka bonde la Mto Tana. Omondi huyohuyo baadaye aliongoza tume ya rais kuhusu muziki iliyotoa ripoti mwaka 1984, na mwaka 1988 serikali ikaunda Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Historia ya muziki wa shule nchini imepita mezani kwa kamati kila hatua.

Na hapa Kibera hazina ya muziki ipo. Kijiji cha Makina kina ngoma ya doluka ya Wanubi. Lindi mtoto hulala akisikia ngoma za isukuti za harusi upande huu na nyuzi za orutu upande ule. Kuna shule za kifahari zinazomlipa mtaalamu aje kuwafundisha watoto yale ambayo mtoto wa Lindi ameyapata kwa jirani.

Mwingine atasema wapo wafadhili. Ghetto Classics, mradi wa Elizabeth Njoroge ulioanzia Korogocho, umewapa vijana fidla na tarumbeta, na mapato ya tamasha la jazi la Safaricom, lililoanza 2014, yamesaidia. Ni kazi ya kupongezwa kwa moyo wote. Lakini mfadhili huchagua mtaa anaoutaka na anaweza kuondoka. Tamasha la shule ni mali ya umma, na mlango wake unapaswa kuwa wazi bila kusubiri mgeni.

Kamati zetu zina la kujifunza kwingine pia. Marekani walimu wa muziki walikutana Keokuk, Iowa, mwaka 1907, na mkutano huo ukazaa chama chao cha taifa, chenye matawi katika majimbo. Katika mengi ya matawi hayo rais mteule hukaa kwanza pembeni ya rais aliyepo, na rais anayemaliza muda hubaki kumshauri mrithi wake. Daftari halipotei mtu akistaafu. Hilo linafaa kuigwa. Huku, katibu akihamishwa shule, mara nyingi orodha ya shule, hesabu na ahadi vyote huhama naye.

Lakini jambo la Lindi halihitaji kungoja katiba mpya ya kamati. Ada ipangwe kwa uwezo wa shule, au kwa idadi ya watoto wanaopanda jukwaani. Shule za kijamii zipewe kiti kwenye kamati, na akikalie mwalimu anayefundisha huko. Hesabu zisomwe mbele ya walimu wote baada ya tamasha, shilingi kwa shilingi, ili anayeombwa kuchanga ajue anachangia nini. Wanaohofu kwamba hadhi itashuka waangalie alama za waamuzi. Hizo hazipunguzwi kwa sababu ada imepunguzwa.

Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kufuata njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, na muziki umo. Mtoto atakayeichagua anahitaji kuwa amesimama mbele ya mwamuzi mapema, akiwa bado shule ya msingi. Kamati za maeneo zikutane kabla ya kutangaza ada ya mwaka ujao, na mwalimu wa Lindi aalikwe kwenye kikao hicho, asipelekewe ujumbe baada yake.